Albamu za Roki Zilizopuuzwa Zilipotoka: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Albamu "kupuuzwa" maana yake nini hasa? Si kuna zilizotukanwa magazetini na bado zikauza?

Zipo, na ndizo zinazowachanganya watu. Albamu ya kwanza ya Led Zeppelin, iliyotoka Januari 1969, ilipondwa vibaya na jarida la Rolling Stone, lakini mashabiki hawakungoja ruhusa ya gazeti. Iliingia kumi bora Marekani na Uingereza. Black Sabbath walirekodi albamu yao ya kwanza kwa siku moja tu, Oktoba 1969, ikatoka Ijumaa ya tarehe 13 Februari 1970. Wahakiki waliikejeli, wanunuzi wakaipandisha hadi nafasi ya 8 Uingereza. Bendi kama hizo zilichukiwa na watu wachache wenye kalamu, basi. Pesa walipata, kumbi zilijaa.

Hapa tunazungumzia kundi jingine: albamu ambazo siku zilipotoka hazikununuliwa, nyingine hata hazikusikika, na leo zimo katika kila orodha ya albamu bora za karne iliyopita. Baadhi yake zilisifiwa na wahakiki tangu siku ya kwanza, lakini sifa hazikuwasaidia waliozitengeneza kulipa kodi ya nyumba.

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Kama zilikuwa nzuri hivyo, zilishindwaje?

Wahenga hawakuwahi kufanya biashara ya santuri. Santuri ya miaka ya 1960 na 1970 ilikuwa mzigo wa kubeba. Lazima ichapwe kiwandani, ipakiwe kwenye katoni, isafirishwe, msambazaji aikubali, mwenye duka aipange, na redio iipige wiki ileile ambayo ipo dukani. Redio ikiupiga wimbo leo na mzigo ukafika mwezi ujao, msikilizaji kashanunua kitu kingine na kasahau.

Ukifuatilia historia ya albamu hizi moja moja, mara nyingi unakuta masikio ya watu hayakuwa na kasoro yoyote. Bendi ilishavunjika kabla santuri haijatoka, au wakili aliingilia kati, au kampuni mbili ziligombania mkataba. Mnunuzi hakuikataa albamu kwa sababu hakupata kuiona. Hadithi ya "msanii aliyetangulia wakati wake" inapendeza kuisimulia, ila mimi huanza kwa kuuliza nani alikuwa msambazaji.

Kuna mfano unaoonyesha hilo waziwazi?

Big Star wa Memphis, Tennessee. Jina walilitoa kwenye duka la vyakula lililokuwa karibu na studio ya Ardent walimorekodia, na albamu yao ya kwanza wakaiita #1 Record, mzaha uliokuja kuwatokea puani. Walikuwa wanne: Alex Chilton, Chris Bell, Andy Hummel na Jody Stephens. Chilton hakuwa mgeni wa umaarufu. Mwaka 1967, akiwa na miaka 16, aliimba The Letter na kundi la Box Tops, na kibao hicho kikashika namba moja Marekani. Safari hii alitaka muziki aliotunga mwenyewe pamoja na Bell: magitaa yanayong'ara, sauti zinazopokezana, nyimbo fupi zenye kiitikio kinachonasa. Wenzao wakati huo walikuwa wakishindana nani atapiga solo ndefu zaidi.

Albamu ilitoka 1972 na magazeti ya biashara ya muziki yakaisifu sana. Balaa likaanzia kwenye mauzo. Ardent ilikuwa chini ya Stax, kampuni iliyojenga jina kwa muziki wa soul, na watu wake wa mauzo walijua maduka na vituo vya redio vya soul kama kiganja cha mkono. Maduka ya roki hawakuyajua. Kisha Stax ikaingia mkataba wa usambazaji na Columbia, wasambazaji wa zamani wakawekwa kando, na Columbia yenyewe haikuwa na hamu na vijana wanne isiowafahamu. Watu walisikia nyimbo redioni, wakaenda dukani na pesa mkononi, wakaambiwa haipo. Nakala zilizouzwa wakati ule hazikufika 10,000.

Bell alivunjika moyo akajitoa. Watatu waliobaki walitoa Radio City Februari 1974, nzuri sawa na ya kwanza, nayo ikadumbukia katikati ya ugomvi wa Stax na Columbia. Ya tatu ilirekodiwa mwaka huohuo, ikazungushwa kwenye kampuni mbalimbali, kila moja ikaikataa, mpaka ilipotoka 1978. Wakati huo Stax yenyewe ilikuwa imeshafilisika. Desemba ya mwaka huohuo wa 1978 Bell alikufa kwa ajali ya gari akiwa na miaka 27. Miaka yake ya mwisho alikuwa akifanya kazi katika mgahawa wa baba yake. Chilton naye alifikia kuosha vyombo New Orleans.

Halafu miaka ya 1980 bendi changa za Marekani, R.E.M. wakiwa mbele, zikaanza kuwataja Big Star kila zinapohojiwa. The Replacements walikwenda mbali zaidi: mwaka 1987 walitoa wimbo ulioitwa Alex Chilton, wakati mwenyewe yu hai na watu wengi hawajui ni nani.

Ile albamu yenye ndizi kwenye jalada, kwa nini ilianguka?

The Velvet Underground & Nico, Machi 1967. Ndizi ni kazi ya mchoraji Andy Warhol. Kwenye nakala za mwanzo ilikuwa stika unayoweza kuimenya, na ndani unakuta ndizi ya rangi ya waridi.

Kabla ya kueleza ilivyoanguka, sikiliza kwanza Heroin. Wimbo mzima una kodi (chord) mbili tu za gitaa. Maureen Tucker anapiga ngoma akiwa amesimama, ngoma kubwa ameilaza ubavu, anatumia fimbo zenye kichwa laini badala ya zile za kawaida. Hakuna matoazi. Mapigo yanaanza polepole, yanakimbia, yanapoa, yanakimbia tena, huku John Cale akiikwaruza viola yake mpaka inalia kama chuma. Kuelekea mwisho kelele zinapanda kiasi kwamba Tucker hasikii tena wenzake wanapiga nini, anaacha kabisa kupiga. Wenzake hawakusimama. Ukiwa na spika nzuri utaisikia ngoma ikipotea na kisha kurudi. Wakaiacha hivyohivyo kwenye santuri. Mwaka 1967, redio gani ingepiga wimbo wa dakika saba kuhusu mtu anayejidunga sindano?

Kwa hiyo kizuizi cha kwanza kilikuwa mashairi yenyewe. Lakini hicho hakikuwa peke yake. Sehemu kubwa ilirekodiwa Aprili 1966 kwa fedha kiduchu katika studio za Scepter mjini New York, ndani ya jengo bovu ambalo baadaye lilikuja kuwa klabu ya Studio 54. Columbia iliposikilizishwa kazi ile ilikataa. Kampuni ya Verve ikaichukua, kisha ikakaa nayo karibu mwaka mzima. Ilipotoka, bwana mmoja aitwaye Eric Emerson akaona picha yake kwenye jalada la nyuma, imetokea kwenye mwanga wa projekta nyuma ya bendi. Alikuwa na shida ya pesa, akadai alipwe. Badala ya kumlipa, kampuni iliondoa santuri madukani, ikabandika stika juu ya picha yake na baadaye ikachapa jalada jingine. Albamu iliyokuwa inapanda chati kwa kujikokota ikatoweka humo kwa miezi mitano. Naona ni kifo cha kipuuzi kuliko vyote katika orodha hii.

Ni kweli kila aliyeinunua alianzisha bendi?

Hayo ni maneno ya mwanamuziki Brian Eno, mwaka 1982. Alikuwa akisimulia alichoambiwa na Lou Reed, mwimbaji na mtunzi wa Velvet Underground, kwamba albamu iliuza nakala 30,000 katika miaka yake ya mwanzo, na Eno akaongeza kwamba anaamini kila mmoja wa wanunuzi hao alianzisha bendi. Watu wameyakariri mpaka yamekuwa kama hadithi ya kitabu. Hati ya malipo ya kampuni iliyoonekana baadaye inaonyesha zaidi ya nakala 58,000 kufikia mapema 1969. Kwa bendi mpya isiyopigwa redioni, hiyo si aibu hata kidogo.

Habari ninayoipenda zaidi ni ya Prague. Mwandishi wa tamthilia Václav Havel alikwenda New York mwaka 1968 akarudi Chekoslovakia na santuri ya Velvet Underground. Agosti mwaka huo vifaru vya Mkataba wa Warsaw vikaingia nchini, na mwezi uliofuata vijana wa Prague wakaunda bendi ya The Plastic People of the Universe, iliyopiga nyimbo za Velvet Underground pamoja na zake. Serikali iliinyima kibali cha kupiga hadharani, ikaendelea kwa siri vijijini. Mwaka 1976 watu wa kundi hilo wakashtakiwa na kufungwa, na hasira iliyotokana na kesi ile ikazaa Mkataba wa 77, tamko la haki za binadamu ambalo Havel alikuwa mmoja wa waasisi wake. Mwaka 1990 Lou Reed alimtembelea Prague. Havel alikuwa rais.

Hivi Zombies walikuwa wameshavunjika albamu yao ilipotoka?

Ndiyo. Walimaliza kurekodi Odessey and Oracle mwishoni mwa 1967, wakaagana Desemba, albamu ikatoka Uingereza Aprili 1968. Hakukuwa na bendi ya kuipigia debe. Colin Blunstone, mwenye sauti ile nyororo ambayo wengi hufikiri ni ya malaika, alikuwa ameajiriwa ofisi ya bima.

CBS iliwapa pauni 1,000 za kurekodi. Waliingia studio za EMI zilizoko Abbey Road, muda mfupi baada ya Beatles kumaliza Sgt. Pepper humo, wakakuta kinanda cha Mellotron kimeachwa. Kinanda hicho kina kanda za sauti ndani yake, ukibonyeza unapata fidla, filimbi au kwaya. Rod Argent, mpiga kinanda wao, hakuomba ruhusa. Sauti za Mellotron zimetapakaa albamu nzima, na kwa bajeti ile wasingeweza kukodi okestra. Kazi ilipoisha kampuni ikadai pia toleo la stirio, na fedha zilikuwa zimekwisha. Argent na mpiga besi Chris White wakatoa pauni 200 mifukoni mwao.

Time of the Season ulikuwa kati ya nyimbo za mwisho kurekodiwa. Argent alikuwa ametoka kuutunga, Blunstone hajauzoea, na Argent akawa anamkatiza kila mara kumwelekeza namna ya kuimba. Uvumilivu ukamwishia Blunstone, akamwambia, kwa maneno makali kuliko haya, kwamba kama anajua sana aje aimbe mwenyewe. Argent akamrudisha kwenye maikrofoni. Jina la albamu lenyewe limeandikwa kwa makosa, tahajia ya neno la kwanza aliikosea rafiki yao aliyechora jalada, na walipogundua jalada lilikuwa limeshakamilika.

Al Kooper, mwanamuziki aliyekuwa akifanya kazi na Columbia Marekani, ndiye aliyewaokoa. Alinunua santuri hii akiwa London, akarudi New York na kuwabana wakubwa wake waitoe. Kwanza walichagua singo ya Butcher's Tale, wakidhani vita vya Vietnam vitaibeba kwa kuwa inahusu askari vitani. Haikwenda popote. Kisha wakajaribu Time of the Season, na mapema 1969 ukafika nafasi ya 3 Marekani, zaidi ya mwaka mmoja tangu bendi ife.

Wajanja hawakukawia. Promota mmoja wa Michigan aliunda Zombies wa bandia akawazungusha kwenye kumbi za Marekani. Kundi moja la bandia lilikuwa na vijana wa Texas, wawili kati yao ni Dusty Hill na Frank Beard, ambao baadaye kidogo dunia ikawajua kama theluthi mbili za bendi ya ZZ Top. Zombies halisi walikataa kurudiana kwa ajili ya pesa. Argent alikuwa na bendi mpya tayari.

Forever Changes ya Love inasifiwa sana. Mbona wakati wake haikutikisa?

Mwaka 1967 kila mtu California aliimba amani na maua. Arthur Lee, mzaliwa wa Memphis aliyekulia Los Angeles, kijana mweusi akiongoza bendi ya roki yenye weusi na weupe, alikuwa juu ya kilima akiutazama mji ule na kuwaza kifo. Aliamini hatafika mbali. Albamu imejaa mistari ya damu, upweke na watu wanaofungiwa, lakini muziki wake ni magitaa ya kawaida yasiyo ya umeme, tarumbeta za Kimeksiko na vinanda vya uzi. Ukiisikiliza mara ya kwanza unaiona tamu tu. Uchungu unakupata baadaye.

Bendi ilikuwa katika hali mbaya wakati wa kurekodi, kiasi kwamba watayarishaji waliwaleta wanamuziki wa kulipwa wapige nyimbo mbili za mwanzo mahali pao. Wenyewe walikaa pembeni wakitazama, wakalia, na aibu ile ikawazindua. Waliporudi walipiga vizuri kuliko walivyowahi kupiga. Santuri ilipotoka Novemba 1967 haikupita nafasi ya 154 Marekani. Uingereza iliipenda zaidi, ikaifikisha nafasi ya 24.

Lee hakupenda kusafiri. Alikataa hata tamasha la Monterey. Bendi isiyotembea nchi kubwa kama Marekani itajulikana mtaani kwao tu. Tena ni Lee aliyeisukuma kampuni yake ya Elektra iwachukue The Doors, na Doors walipolipuka, nguvu zote za kampuni zikahamia kwao. Lee alifungwa jela miaka ya 1990 kwa kosa la silaha, akatoka 2001, kisha akaizunguka dunia akiipiga albamu hii yote mwanzo hadi mwisho na okestra nyuma yake. Alifariki 2006 kwa saratani ya damu.

Na Village Green ya Kinks?

Ilitoka Uingereza tarehe 22 Novemba 1968, siku ileile ya albamu nyeupe ya Beatles. Hayo peke yake yangetosha. Ongeza kwamba Kinks walikuwa wamezuiwa na chama cha wanamuziki kufanya maonyesho Marekani tangu 1965, na kwamba kiongozi wao, Ray Davies, alikuwa akiimba kuhusu vijiji, jamu na treni za mvuke wakati vijana wa Paris na Chicago wanapigana na polisi. Haikuingia kwenye chati yoyote kubwa. Uingereza iliipa cheti cha dhahabu mwaka 2018, miaka 50 kamili baadaye.

Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar. Queen nao waliwahi kupuuzwa?

Mwanzoni, ndiyo. Farrokh Bulsara alizaliwa Mji Mkongwe mwaka 1946, na familia yake ikahamia Uingereza 1964, baada ya Mapinduzi. Albamu ya kwanza ya Queen ilirekodiwa 1972 katika studio ya Trident, London, kwa mpango wa kimaskini: waliingia saa ambazo hakuna aliyezilipia, mara nyingi usiku wa manane, wateja wenye majina wakishaondoka. Kazi ilikamilika Novemba 1972, lakini hapakuwa na kampuni ya kuitoa mpaka Julai 1973. Miezi minane katika roki ya wakati ule ni muda mrefu, na muziki uliokuwa wa ajabu studioni ulifika sokoni ukidaiwa ni wa kuiga Led Zeppelin. Keep Yourself Alive, singo yao ya kwanza, haikuingia chati.

Kupuuzwa huku hakukudumu. Mwaka uliofuata Queen II ilifika nafasi ya 5 Uingereza, na watu wakairudia ya kwanza mpaka ikafika nafasi ya 24. Kilichoendelea kuwakera wenyewe ni sauti ya ngoma, kavu na iliyobanwa, si walivyoitaka. Mwaka 2024 wakaichanganya upya na kuitoa kwa jina la Queen I. Jisikilizie zote mbili. Ile ya 1973 bado ina ukali ninaoupenda.

Yule Rodriguez aliyevuma Afrika Kusini bila kujua, kisa chake ni cha kweli?

Kwa kiasi kikubwa. Sixto Rodriguez, mzaliwa wa Detroit katika familia yenye asili ya Meksiko, alitoa Cold Fact mwaka 1970 na Coming from Reality mwaka 1971 kupitia lebo ya Sussex. Hazikuuzika Marekani, akaachwa, na lebo yenyewe ikafungwa katikati ya muongo. Rodriguez akashika kazi za kubomoa na kukarabati majengo.

Huku nyuma Cold Fact ikafika Afrika Kusini. Vijana wa kizungu waliochoshwa na ukali wa serikali ya ubaguzi, wengi wao wakilazimishwa kuingia jeshini, walinakiliana kanda. Vyombo vya utangazaji vya serikali vilizuia baadhi ya nyimbo, na nakala ya maktaba ya redio ilikwaruzwa kwa makusudi ili wimbo wa Sugar Man usipigike. Kwa kuwa nchi ilikuwa imetengwa na dunia, hakuna aliyejua mwimbaji yuko wapi. Uvumi ukasema alijiua jukwaani, wengine kwa risasi, wengine kwa moto. Miaka ya 1990 mashabiki wawili wakamsaka wakamkuta Detroit, mzima, na Machi 1998 akapanda jukwaani Afrika Kusini mbele ya maelfu waliojua kila neno la nyimbo zake. Filamu iliyosimulia kisa hiki ilipata Oscar mwaka 2013. Alifariki Agosti 2023 akiwa na miaka 81.

Filamu ile, hata hivyo, inaruka jambo moja: Rodriguez alishafanya ziara Australia mwaka 1979 na tena 1981. Kwa hiyo alijua kuna nchi ya mbali inayompenda. Hakujua tu kwamba zilikuwa mbili.

Bendi za roki za Afrika zenyewe je?

Zambia. Miaka ya 1970 kulikuwa na wimbi zima la roki lililoitwa Zamrock, magitaa yenye sauti iliyochafuliwa makusudi juu ya midundo ya nyumbani: WITCH, Amanaz, Ngozi Family, Musi-O-Tunya. Hawa wa mwisho, chini ya Rikki Ililonga, waliwahi kupiga na kurekodi Nairobi.

Kesi yao ni tofauti kidogo, maana kwao hawakupuuzwa. WITCH walijaza viwanja, na mwimbaji wao Jagari Chanda alikuwa nyota. Ulimwengu wa nje ndio haukujua. Bei ya shaba ilipoporomoka katikati ya muongo ule uchumi ukayumba, santuri zikawa anasa, na baadaye Ukimwi ukawachukua wanamuziki wengi wa kizazi kile. Nakala zilizosalia zilikuwa chache mno mpaka kampuni za Marekani zilipoanza kuzichapa upya miaka ya 2000 na 2010. Jagari, ambaye kwa miaka alikuwa akichimba vito, alirudi jukwaani, na 2023 WITCH wakatoa albamu mpya. Lazy Bones!! ya 1975 inaweza kusimama mbele ya albamu yoyote niliyoitaja hapa.

Nani huzifufua albamu hizi, na pesa anakula nani?

Mara nyingi ni wanamuziki wachanga wanaozinunua mitumba. Wakati mwingine ni tangazo. Nick Drake alirekodi Pink Moon kwa usiku mbili London, Oktoba 1971, yeye na gitaa na fundi mitambo, basi, ukiondoa kinanda kidogo kwenye wimbo uliobeba jina la albamu. Alikufa 1974 akiwa na miaka 26, na hakuna albamu yake iliyokuwa imefika nakala 5,000. Mwaka 1999 Volkswagen ikautumia wimbo huo wa Pink Moon kwenye tangazo la gari Marekani, na mauzo yakapanda ghafla.

Kuhusu pesa, inategemea mkataba wa zamani ulisemaje na karatasi ziko kwa nani. Lebo iliyofungwa huuza haki zake, mwenye kununua naye huuza, na mtunzi anaweza kuwa wa mwisho kupata habari. Suala la nani alipokea malipo ya santuri za Rodriguez lilifikishwa mahakamani.

Kila albamu iliyoshindwa ni hazina iliyofichika?

La hasha. Nyingi zilishindwa kwa sababu ni mbovu. Wauzaji wa matoleo mapya wana tabia ya kubandika neno "iliyosahaulika" kwenye kila kitu, hata kwenye kazi iliyosahaulika kwa haki.

Nikikuta santuri ya zamani ya albamu hizi, ina thamani?

Angalia chapa ya kwanza na hali yake. Kwa ile ya ndizi, stika ambayo haijamenywa ina bei, na nakala ambazo picha ya Emerson bado ipo, au imefunikwa kwa stika, husakwa sana. Jalada lililoota ukungu, jambo la kawaida kwa santuri zilizokaa pwani, hushusha bei hata kama sahani ni safi. Mwaka 2002 mtu mmoja alinunua sahani ya majaribio ya Velvet Underground ya 1966 kwa senti 75 kwenye mauzo ya vitu vikuukuu New York. Miaka minne baadaye iliuzwa kwa zaidi ya dola 25,000.

Nianze na ipi?

Kama umezoea nyimbo zenye kiitikio, anza na #1 Record, kisha Odessey and Oracle. Care of Cell 44 utakupokea vizuri: ni wimbo wa furaha kabisa wa mtu anayemsubiri mpenzi wake atoke jela. Forever Changes ipe angalau mara tatu. Ya ndizi isikilize kwa headphone, na usidanganyike na utulivu wa Sunday Morning.

Albamu ya tatu ya Big Star iache mwisho, kwa maana ni ya mtu aliyekata tamaa na inasikika hivyo. Watu hubishana ipi ndiyo orodha sahihi ya nyimbo zake, kwa sababu kila toleo lina mpangilio wake. Bendi haikupata kuupanga, kwa hiyo anza na wimbo wowote.